Siku Nilipohamisha Nguruwe

Papa zangu na Mama zangu, harufu ya samaki imekwisha kuingia kanisani, na tumbo halisikilizi ushuhuda mrefu. Nitasema kwa kifupi.

Wengi mnakijua kidimbwi changu, pale kwenye kijito kinachoshuka Lukuga. Ndimo wanamokaa ngege, samaki wazazi wa chama chetu cha wafugaji. Kila nyumba hapa ilichukua vifaranga kwangu. Nami nilijivuna. Nikitupa pumba, maji yote yanachemka samaki, wageni wanapiga makofi. Banda la nguruwe nililijenga juu ya maji, mavi yaanguke yarutubishe. Nguruwe mmoja angetosha. Mimi niliweka watano.

Mvua zilipokwisha, ngege wakatokwa na vidonda vyekundu ubavuni, mapezi yakaliwa kama nguo yenye nondo. Nikakimbilia sokoni. Muuza dawa akaniambia, "Sitwayen, mwananchi mwenzangu, hivi vidonge vya rangi mbili vinaponya yote, tumbo, kikohozi, kidonda."

Nikafungua vidonge, nikamwaga unga majini. Wakapata nafuu. Baada ya majuma machache vidonda vikarudi, nikazidisha. Mara ya tatu hata nafuu sikuiona. Niliokota waliokufa beseni zima. Ndugu zangu, nawaambia, niliona haya kuja hapa. Wazazi wale wakiisha, chama kizima hakina pa kuanzia.

Ndipo akapita mama mmoja mkausha samaki, aliyewahi kutunza vidimbwi upande wa Mpala. Samaki hakuwatazama. Alichota maji kwa kiganja, akanusa.

"Papa, wewe unaweza kulala humu?"

"Mimi si samaki, Mama."

"Nao si nguruwe. Njo maana wanagonjwa."

Akanikataza vidonge kabisa. Tulihamisha banda. Tukawafukia mbali waliokufa. Maji machafu tukayatoa kidogo kidogo, tukaingiza ya kijito. Samaki walikuwa wamebanana mno, basi nikafufua vidimbwi viwili nilivyokuwa nimeviacha, tukawagawa. Wazazi tukawaogesha mmoja mmoja katika beseni la maji ya chumvi, dakika chache tu, mama akipima muda kwa kuimba. Kisha tukatwanga kitunguu saumu, tukachanganya na pumba.

Hapo majirani walicheka. "Papa, unatia viungo samaki angali muzima? Ngoja basi tulete nyanya."

Juma la kwanza walikufa wanne. La pili, mmoja. La tatu nilitupa pumba, na dume moja kubwa, lenye kovu ubavuni, likaruka likanirushia maji usoni. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilimuuliza mama, kipi kiliwaponya? Akasema, "Mimi nasema maji. Kitunguu labda kilisaidia. Lakini kilikupa kazi ya mikono, ukaacha kwenda kwa muuza dawa."

Namshukuru Mungu, namshukuru mama huyo. Nawashukuru hata waliocheka, kwani walirudi na majembe kunichimbia mfereji. Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kutafuta kitu cha kuua ugonjwa, tazama ni nani anayeulisha. Wangu niliulisha mwenyewe, kila siku, kwa furaha.

Sasa, kabla ya kula. Mlangoni kuna mabeseni yaliyofunikwa majani ya ndizi. Ni vifaranga, watoto wa yule mwenye kovu. Kila nyumba ichukue ishirini. Atakayetaka thelathini, nitakuja kwanza kunusa maji yake.