Fundi Barafu, Aliyekatazwa Baridi

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa, mimi ni mdogo wake marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Barafu.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1968, mtoto wa pili wa mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1989 katika fani ya majokofu. Aliajiriwa kiwanda cha maziwa, akatunza vyumba vya baridi, halafu akafungua karakana yake, na ni friji chache mtaani hapa ambazo hakuzifungua mgongo huku akimtania mwenye nazo. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa amekwenda karakana kugomba kwamba friji yake imetengenezwa ovyo, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Machi 2022 aligundulika na saratani ya utumbo mpana, ikiwa imekwisha kufika kwenye ini, akaanza kutundikiwa dripu ya dawa kila baada ya wiki mbili. Kwa kuwa hakuvumilia mtambo asioujua, alimbana muuguzi kwa maswali mpaka akaelewa, kisha akatufundisha sisi, kwamba dawa hujishika kwenye maelekezo yaliyo ndani ya seli, hata seli ikitaka kujigawa ishindwe kuyanakili, ife, na saratani huumia zaidi kwa kuwa hujigawa kwa pupa, lakini seli za kinywa, za tumbo na za damu nazo hupata kipigo, ndiyo maana alitapika, alichoka na kutoka vidonda mdomoni. Nywele hazikumsumbua, maana kipara alikuwa nacho tangu ujana.

Kilichomuuma ni kwamba dawa hiyo hudhuru pia mishipa ya fahamu, akishika friji vidole vinapigwa kama na umeme, akinywa maji baridi koo linabana, hivyo fundi wa barafu akavaa glavu za sufu na kunywa ya vuguvugu. Baadaye vidole vikafa ganzi kabisa, vifungo vya shati vikamshinda, na daktari akamweleza kwamba wanaweza kuiondoa dawa hiyo waokoe mikono, au waendelee nayo ili pengine siku ziongezeke. Wifi alitaka siku, lakini alinyamaza asije akamsukuma. Kaka akasema, "Mikono nimeitumia ya kutosha, nipeni siku." Kuanzia hapo kitinda mimba wake wa kike alimfunga vifungo kila asubuhi, akidai ni deni la alivyofungwa yeye alipokuwa mdogo.

Juni 2023 vipimo vilionyesha uvimbe unakua tena, dawa ikasimamishwa. Wiki chache baadaye kaka aliomba maji ya friji, akamaliza glasi nzima bila koo kubana, akacheka, akaomba nyingine, na wifi akamletea, akijua kwa nini sasa yanashuka. Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, nyumbani kwake, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliobaki na karakana, na ninyi majirani mliomletea soda za baridi mkaona hazigusi, haikuwa dharau wala hofu ya sumu.

Kaka, tumekulilia na bado tunakulilia, siku ulizolipia kwa vidole vyako ndizo tulizokaa nawe, nasi tunajua zilikugharimu nini. Sasa pumzika, kaka yetu, kwa amani.