Dada Yetu, Aliyezituliza Atomu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, na wasifu huu nitausoma kama ulivyo. Asiyetaka kuguswa, mlango uko wazi.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, akapata uzamivu wa fizikia mwaka 1998. Kazi yake ilikuwa kupoza atomu kwa mwanga wa leza mpaka zikaribie kutulia tuli, halafu kuziunganisha kuwa molekuli. Mama alimwuliza, "Mwanangu, tangu lini mwanga ukapoza?"

"Mama, fikiria mtoto mtukutu uani. Kila anakokimbilia anakutana na shangazi, anamwambia polepole. Mwisho si atakaa chini?"

Mama alicheka, akasema mtoto huyo ni mimi.

Mwaka 2001 aliolewa na shemeji yetu, seremala, aliyezoea kula peke yake siku leza zilipogoma.

Mwaka 2014 dada alizipata molekuli zake. Mkuu wa maabara alizichukua picha alizozipiga dada, akazitangaza mkutanoni kuwa kazi yake mwenyewe. Siku za mwizi ni arobaini, ila zake ziliisha palepale jukwaani. Lenzi ya kamera ya maabara hupindua picha juu chini, na dada alizigeuza kila mara kabla ya kuzionyesha, jambo ambalo Mkuu hakulijua. Wingu la atomu likiachiwa na leza huanguka chini kama kitu chochote. La Mkuu, pichani, lilipaa.

Dada alisimama nyuma ya ukumbi. "Samahani, Mkuu, hizo zako zinaangukia dari?"

Watu walivunjika mbavu. Hata hivyo tuzo ya ugunduzi ule alipewa Mkuu, na dada akanyang'anywa ufunguo wa maabara. Hatujasamehe.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Mkuu, bila haya, alimtuma fundi wa maabara hospitalini kuuliza leza zinarekebishwaje, maana tangu dada aondoke hawajapata molekuli hata moja. Dada alifumba macho. "Mwambie umenikuta nimelala." Fundi alipotoka, dada aliomba chai. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Septemba, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu na sisi wadogo zake watatu.

Mkuu, uliyeketi safu ya pili na kuomba nafasi ya kusema machache: familia imekataa. Ulimzuia kuisemea kazi yake, nawe hutasema juu ya kaburi lake.

Dada yetu apumzike kwa amani. Wewe usipumzike.