Maji Kwanza, Asidi Baadaye: Mwalimu Loisi Chedego (1962–2025)

Mwalimu Loisi Chedego, tunayemlaza leo, alizaliwa Mpwapwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Filipo Matonya na marehemu Mama Anitha. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mpwapwa, akamaliza kidato cha sita mwaka 1983, na mwaka 1985 akahitimu stashahada ya ualimu wa sayansi.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Ndugu Gerson Chedego, wakajenga Nzuguni. Mzee Gerson husimulia kuwa wiki ya kwanza tu alikatazwa kuonja mboga kwa kidole. "Kitu usichokijua, mume wangu, hakionjwi," aliambiwa.

Alifundisha kemia katika shule moja ya kutwa mjini Dodoma hadi alipostaafu mwaka 2022. Kwa miaka mingi aliwaambia wanafunzi kuwa kuzimua asidi kwa maji ni kama kupika jikoni. Alikuwa na ugali akilini: maji kwanza, kisha unga. Mwaka 2003, Anifa, binti wa wafanyabiashara wa kata ya Kikuyu hapo mjini, alimimina maji juu ya asidi kali. Ilichemka ghafla, ikaruka. Mwalimu alimsukuma binti kando, asidi ikampata yeye usoni. Miwani ya kinga ilikuwa michache, na yote ilikuwa nyusoni mwa wanafunzi. Mwalimu alioshwa macho bombani kwa muda mrefu. Jicho la kushoto halikupona.

Bodi ya shule ilikusudia kumfukuza Anifa kwa ukaidi. Mwalimu alifika kikaoni na bandeji yake, akaomba binti aulizwe kwanza.

"Nilifanya kama jikoni, Mwalimu," Anifa alisema. "Nyumbani mimi ndiye mpika uji. Tunaweka unga, ndipo tunaumiminia maji."

"Basi amenitii," Mwalimu alisema. "Kilichokosea ni mfano wangu. Mwacheni asome."

Anifa alibaki shuleni. Tangu hapo Mwalimu hakufundisha tena kwa mifano ya jikoni. Alisema jambo kwa jina lake: maji kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Miwani isipotosha, jaribio liliahirishwa, hata mkaguzi akiwa mlangoni.

Mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu. Anifa, sasa mama wa watoto wawili, alikuja kumwona wodini. Mwalimu alimwuliza kama kuna anayesoma kemia. Akajibiwa yupo, wa kwanza.

"Mwambie afunge vifungo vyote vya koti," alisema.

Alifariki tarehe 6 Agosti 2025, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, Batholomeo, Violeth na Adamu, wajukuu watano, na wanafunzi wa miaka thelathini na saba, kila mmoja na macho yake mawili.

Bwana amlaze mahali penye amani, apumzike.