Bwana Pindo na Chumba cha Mchanga

Ndugu waombolezaji, mimi niliyeacha shule kidato cha pili ndiye niliyechaguliwa na familia kusoma karatasi hii, maana sauti ninayo na haya sina, na nawaambia mapema kwamba nusu ya suruali za jinzi zilizoingia leo uani hapa, za kubana, za kupwaya na za kuchanika magoti, zimepita mikononi mwa huyu aliyelala mbele yetu, na asiyeamini na asimame abishe, nimkunjue mguu wa suruali niwaonyeshe pindo la marehemu.

Marehemu mjomba wangu, mliyemjua kwa jina la Bwana Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, lakini elimu yenyewe aliipata chini ya meza akiokota pini, ndiko alikojua kwamba jinzi ilianza kama nguo ya vibarua, na kwamba vile vijipini vya shaba kwenye pembe za mifuko, mnavyoringia kama urembo, viliwekwa kwa kuwa mifuko ya wachapa kazi ilikuwa ikichanika.

Mwaka 1976 vijana walipolilia bugaluu, na baba yake akakataa kushona suruali ya kufagia barabara, marehemu alizichukua suruali zao nyembamba, akafumua mshono kuanzia gotini, akachomeka kitambaa cha pembetatu, zikaondoka zikipepea, na mitindo ilipogeuka wateja walewale wakarudi kichwa chini, akavitoa vile vipande na kuzibana tena, wala hakumcheka mtu.

Tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa kiwanda cha jinzi, meza ya kukata, na tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na fundi wa vifungo wa meza ya jirani, siku hiyo akiwa ndani ya jinzi pana za enzi zile, hata mama mkwe akauliza kama bwana harusi amevaa suruali au pazia, wakajaliwa mabinti watatu, ndio hawa waliokaa na mama yao.

Sasa sikilizeni vizuri. Kazini marehemu alivaa suruali moja miaka nenda miaka rudi, akiegemea meza, mpaka mapajani ikawa nyeupe, na mwaka 2016 msimamizi akaiona, akaipenda, akataka maelfu ya namna hiyo kabla ya mwezi kwisha, yaani weupe uliochorwa na meza kwa miaka ishirini na mbili upatikane kwa dakika mbili, basi kikatengwa chumba kisicho na dirisha, bomba la upepo wa mashine likawa linarusha mchanga juu ya kitambaa kipya hadi kizeeke, marehemu akafanywa kiongozi wa chumba, nami nikaingia chini yake.

Alianza kukohoa mwaka 2019, mwaka 2022 akawa hawezi kupanda ngazi tatu, na tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, na daktari ameandika bila kumung'unya maneno kwamba ni vumbi la mchanga lililofanya mapafu yake kuwa magumu, lakini msimamizi, aliyekaa safu ya pili na shada lake la maua, amenipa asubuhi hii karatasi akitaka nisome kwamba ni kifua cha ukoo. Ukoo gani, bwana mkubwa? Mama yake marehemu ana miaka themanini na nane, yule pale, na akikuita kutoka hapa utaitika ukiwa sokoni. Karatasi yako nimeikunja, iko mfuko wa nyuma, mahali ninapokalia.

Familia inawashukuru madaktari waliosema kweli, majirani waliopandisha mtungi wa hewa ghorofa ya tatu kwa zamu, na wafanyakazi wenzake walioziacha mashine leo ingawa walikatazwa.

Karatasi ya familia inaishia hapo, ila kuna kipande nimekiruka. Kiwanda hakikutugawia hata kitambaa cha kufunga pua, ni Mjomba aliyenunua barakoa mbili za mpira, yake na yangu, yangu nikaitundika msumarini kwa sababu ilinipunguzia kasi nami nilitaka kuitwa namba moja, kisha nikamtania mbele ya wote, “Mjomba, umekuwa bibi harusi, mbona unajifunika?”, chumba kizima kikacheka, naye akacheka, akaivua, hakuivaa tena. Mimi nilikaa mle miezi minne nikahamia kufunga maboksi, yeye akabaki miaka mitatu. Msimamizi, hasira yangu kwako haijapungua hata uzi mmoja, lakini nisingeweza kukusimanga wewe halafu mimi niondoke hapa msafi.

Pumzika, Mjomba, na upumue.