Hebu Rudia Hapo

Kwenye treni ya asubuhi, kinyozi aliyepakata mashine zake za kunyolea alikuwa akimsimulia jirani yake tamthilia aliyoitazama juzi. Jirani, mama mwenye sanduku kubwa miguuni, alisikiliza kama mtu anayehadithiwa ndoto yake mwenyewe.

“Kuna mahali mke anamwambia mumewe, ‘Nyumba hii ina wageni wawili, haina mwenyeji.’ Mama, ukumbi mzima tulipiga makofi! Yule mshairi aliyeiandika ana kipaji bwana.”

“Ni mume wangu,” mama akasema. “Na maneno hayo ni yangu.”

Kinyozi akampa hongera. Ndani ya treni watu hawana choyo cha hongera.

“Hongera ya nini, baba? Diwani yake ya kwanza ni uchumba wetu, ya pili ni uzazi wangu. Tuzo kaipata kwa tamthilia hiyo, ugomvi wetu. Siku ile nalia jikoni, mwenzangu akatoa kalamu: ‘Hebu rudia hapo.’”

“Lakini mimi niliporudi nyumbani nilimwomba mke wangu msamaha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla. Maneno yako yamenifaa, mama.”

“Yamekufaa wewe.”

Hata mimi, niliyejifanya nimelala kiti cha mbele yao, sikuwa na la kumtetea mshairi. Treni ikapunguza mwendo. Kinyozi akamnyanyulia mama sanduku, akayumba.

“Hili si la safari ya siku mbili. Mzee umemuaga?”

Treni ikasimama. Mama akatangulia mlangoni.

“Nimuage, aniombe nirudie?”