Mguu Mmoja Mpaka Kumi

Benchi la Abdulkarim, muuza kahawa, liko Makongeni, Thika, limeegemea ukuta wa kinu cha posho. Asubuhi hiyo wateja wake wa kila siku walikuwa watatu tena. Kagwe, karani wa shule aliyestaafu, waliyemwita Profesa. Nzioki, aliyelinda mageti ya watu miaka thelathini, waliyemwita Soja. Na Kiama, fundi wa magari wa zamani, umri sabini na mbili, jina la kijiwe Spana. Kiama alikuwa amepotea wiki tatu. Alianguka nyumbani, anakoishi peke yake tangu mkewe afariki, na jicho lake la kushoto lilikuwa bado na rangi ya biringanya. Mfukoni alikuwa na karatasi ya mazoezi aliyopewa kliniki, na njia nzima aliapa hataionyesha. Kikombe cha kwanza hakijaisha, akaitoa.

— Ati usimame na mguu moja, umeshika kiti, uhesabu mpaka kumi, — Profesa alisoma. — Halafu utembee kisigino kikigusa vidole, kama mlevi akipimwa na polisi.

— Sasa hiyo ni dawa? — Soja aliuliza.

— Ni ya balansi, — alisema Kiama. — Daktari amesema ikipotea inarudi, bora ufanye kila siku.

— Balansi haipotei, Spana, — alisema Profesa. — Ni ardhi imeinama. Vile wamechimba mawe huko Juja, mji wote umelalia upande moja. Nyumba imeinama, wewe umesimama wima. Lazima mkosane.

Kiama alitamani iwe kweli. Afadhali kuangushwa na Juja nzima kuliko kilichomwangusha.

— Wacha mawe, — Soja alisema. — Ni soksi. Babu yangu huko Mwala alitembea miguu tupu mpaka miaka tisini. Nyayo zilikuwa zinaongea na mchanga. Hakuanguka hata siku moja.

— Na alikufa na nini? — Kiama aliuliza.

— Alianguka kutoka kwa mwembe. Lakini hiyo ni mti, si ardhi.

— Mnaona? — Profesa alikunja karatasi. — Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mguu ukiwa juu, ungoje tu, utashuka wenyewe. Mazoezi ni ya nini?

Abdulkarim alimwongezea Kiama kahawa.

— Na wewe mzee, ulikuwa unafanya nini ukianguka?

Kila mtu alikuwa ameambiwa ni sabuni bafuni. Kiama aliangalia ndani ya kikombe.

— Nilikuwa navaa suruali, — alisema. — Mguu wa kulia uliingia. Wa kushoto ukakosa mlango. Nikalala hapo chini, suruali nusu, kutoka saa moja mpaka saa saba. Jirani alibisha saa tatu. Nilimsikia. Nikaona haya kuitika.

Wakacheka, na Kiama akacheka zaidi yao, mpaka jicho likamuuma. Soja ndiye aliyenyamaza kwanza.

— Mimi huvaa nimekaa kwa kitanda, — alisema. — Tangu mwaka juzi.

— Mimi hushika kabati, — alisema Profesa. — Siku moja lilikuja na mimi.

Kamene, mama aliyehamia ploti ya pili mwezi huo, alikuwa amekuja kujaziwa chupa ya kahawa. Alikuwa amesikia yote.

— Baba, hiyo karatasi ulipewa lini?

— Wiki tatu sasa.

— Na umefanya mara ngapi?

Kiama alichungulia tena ndani ya kikombe. Profesa alivua miwani akaanza kuifuta. Soja, ambaye mwaka jana alivunjika mkono akapewa karatasi kama hiyo hiyo, aligeuka kuangalia magunia ya mahindi.

Kinu kilisaga. Kisha Kiama aliinuka polepole, akaweka kiganja ukutani, akanyanyua mguu wa kushoto. Abdulkarim aliweka birika chini, akaja kusimama nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa.

— Moja, — Kiama alihesabu. — Mbili. Tatu.

Kwenye nne kifundo kilianza kutetemeka. Kwenye sita mguu ulishuka.

— Sita, — alisema, akihema, kama anayetaja dhambi.

— Bado huo mwingine, — alisema Kamene.

Soja alikuwa ameshaweka kikombe chini.

— Spana, — alisema, akitafuta nafasi ukutani. — Sogea kidogo.