Mchoraji Aliyekataa Kumfukuza Wasiwasi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba kilichokuwa nyuma ya cherehani za mama yake, ambaye ni dada yangu. Alikuwa mtoto wa pili. Mimi, mjomba wake, ndiye niliyembandika jina la Penseli kwa sababu ya wembamba wake. Kuchora kulikuja baadaye, ila sifa naomba nipewe mimi.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na tangi la maji, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1997. Kila siku ya mtihani alitapika na mikono ikamtetemeka. Walimu walisema anadeka. Mimi niliishia darasa la saba na sikutapika hata mara moja, maana sikuwahi kujua kama kuna mtihani. Ukubwani daktari alimwambia kwamba ule ni ugonjwa wa wasiwasi, na una matibabu. Akatumia dawa, akawa anaonana na mshauri nasaha, maisha yakaendelea.

Mwaka 2003 aliajiriwa katika studio ya katuni, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Wachoraji wa huko huweka kioo mezani, wakikunja nyuso zao wenyewe ili wazichore. Hapo alikutana na fundi wa sauti, wakafunga ndoa tarehe 8 Agosti 2009. Asubuhi ya harusi alijifungia bafuni, wakwe wakaanza kunong'ona. Nikagonga mlango: "Penseli, toka, chakula kinapoa!"

"Mjomba, mume namtaka. Hao watu wenu ndio siwawezi."

Tukapunguza watu ukumbini, akatoka.

Kazi yake kubwa ilikuwa filamu ya katuni ya sungura mdogo anayeandamwa na kiumbe mwenye vidole vingi, aitwaye Wasiwasi. Sungura huyo, marehemu alimchora kwa mistari inayotetemeka. Wasaidizi, ambao kazi yao ni kusafisha michoro, wakadhani mkono wake umechoka, wakainyoosha mistari yote. Ikambidi airudie picha moja moja. Mwongozaji naye akataka mwishoni Wasiwasi afukuzwe kwa wimbo, ayeyuke kama moshi.

"Watoto wanataka ushindi, dada."

"Mtoto atarudi nyumbani amkute Wasiwasi kitandani, ajione yeye ndiye mbovu. Ukimyeyusha, jina langu futa."

Mwongozaji alinuna, kisha akakubali. Filamu ilitoka mwaka 2016. Mwishoni sungura yumo katika chumba cha mtihani, anaandika. Wasiwasi amekaa benchi la nje, amemshikia mkoba. Mjukuu wangu wa kike akauliza kwa sauti katika ukumbi wa sinema, "Kumbe mtu anaweza kwenda naye?"

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2022, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake. Siku chache kabla, dada yangu alininong'oneza pale wodini: "Kaka, hayo ya wasiwasi usiyaandike kwenye wasifu wake. Watasema mwanangu alikuwa kichaa."

Marehemu, ambaye tulidhani amelala, akasema, "Mama, mwache aandike. Nusu ya hao watakaokuja mazikoni wanao wasiwasi huu, wanaona haya tu kusema."

Nimeandika.

Ameacha mume, binti mmoja, mama, kaka, na mjomba mmoja, anayetosha.

Apumzike kwa amani, moyo wake usimwamshe tena kwa mapigo ya wasiwasi.